Taa za Pikapu ya Mkunga

Ukiwa na haraka, usikae kijiweni kwetu. Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, ukaegeshwa kwenye ukuta wa karakana ya Fundi Waya, na mwenzako wa upande wa pili akinyanyuka ghafla unajikuta chini. Hapo ndipo tunapopiga soga kila asubuhi. Mimi ni fundi viatu, wananiita Soli, na kigoda changu cha kazi kiko mwishoni mwa ubao, kwa hiyo hata mikono ikiwa kwenye sindano masikio yako kijiweni. Katikati anakaa Breki, dereva mstaafu wa malori, mtu aliyeacha usukani zamani lakini mdomo wake bado uko safarini. Pembeni yake ni Mtafiti, fundi simu wa kibanda cha jirani, ambaye kila alichokiona kwenye kioo cha simu, hata ya mteja, kwake ni utafiti tosha. Anayetuzungukia na kahawa ni mzee Birika. Fundi Waya mwenyewe ni fundi umeme wa magari na huwa hakai. Anatoka mlangoni na waya shingoni, anadaka kikombe chake, anarudi kazini.

Asubuhi hiyo alitoka na meza. Aliibeba yeye mwenyewe kifuani, akaiweka mbele ya benchi, akapangusa vumbi, halafu akaanza kupanga taa juu yake moja baada ya nyingine. Ndani ya karakana alikuwa na pikapu ya mkunga.

Huyo mkunga tunamfahamu sote. Ndiye anayezalisha kina mama wa vijiji vyote vya kule milimani. Simu ikilia, uwe usiku wa mvua au wa ukungu, anatupa begi lake kitini, anawasha gari, anapanda peke yake. Mimi namheshimu kuliko watu wengi wanaopigiwa saluti, na hilo nalisema waziwazi. Juzijuzi alimkuta ng'ombe mweusi kalala katikati ya barabara, kwenye kona, akamwona wakati keshamfikia kwa sababu taa za ile pikapu zimechoka. Alimkwepa, gari likaingia mtaroni. Safari aliimalizia kwa miguu, na mtoto akazaliwa salama mikononi mwake. Najua habari hizi kwa sababu viatu alivyovaa usiku huo nilivitoa tope mimi.

Kwa hiyo akamwambia Fundi Waya amfungie taa za nyongeza zitakazofaa barabara ile, na akamwachia achague mwenyewe kwa kuwa ndiye mjuzi. Fundi Waya ni mjuzi kweli. Kosa lake ni kwamba aliamua kutushirikisha.

Mezani palikuwa na aina tatu. Kulikuwa na mbili za mviringo, pana kama sahani, na ndani yake bakuli linalong'aa hadi unajiona uso kichwa chini. Hizo zinatupa mwanga mwembamba na mrefu, mbali kabisa. Kulikuwa na mche mmoja wenye vijitaa vingi vilivyopangwa safu, wa kufungwa juu ya paa, unaomwaga mwanga kila upande. Na kulikuwa na mbili ndogo za njano, za kukaa chini karibu na bampa, kwa ajili ya ukungu na kingo za barabara. Zote zilikuwa nzuri. Hata Breki, ambaye kwake kila kitu cha siku hizi ni takataka, aliipokea moja kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto ampakate.

Mzee Birika hakusifu kitu. Alisimama tu na birika lake, akazitazama. Bintiye wa pekee ameolewa huko huko milimani, ana mimba ya kwanza, na siku zake zimewadia. Simu yoyote ikilia hapo kijiweni mzee anageuka, hata ikiwa ya mteja wa Mtafiti inayojaribiwa spika. Tulilijua hilo sote, na nadhani ndiyo maana kila mmoja alitaka ushauri wake ndio ufuatwe.

Breki alianza, kwa haki ya usukani.

— Funga hizi za mviringo, achana na michezo. Barabara ya milimani inataka mwanga wa mbali. Unamwona ng'ombe kabla yeye mwenyewe hajajua kuwa yuko barabarani.

— Na kona? nikamuuliza. Ile barabara ni kona tupu. Mwanga wa mbali kwenye kona unamulika bonde.

— Soli, wewe shona. Mimi nilikuwa nazo kwenye lori langu. Siku moja nimeziwasha napanda mlima, jogoo wa kijiji cha ng'ambo wakawika. Watu wakaamka, wakabeba majembe, wakaenda shambani.

— Wakalima?

— Wakalima. Walishtukia mambo nilipokata kona, giza likarudi, kila mtu na jembe lake hewani.

Ungedhani Mtafiti angecheka. Yeye aliinua kidole, maana hadithi ya Breki ilikuwa imemletea hoja.

— Huo ni ushahidi wangu mimi, si wako. Viumbe vyote vinasoma saa kwa mwanga mweupe. Ukimmulika ng'ombe kwa huu mche kutoka juu ya paa, ubongo wake unamwambia kumekucha. Anainuka mwenyewe, anaenda zake malishoni. Hupigi hata honi.

— Hayo umeyatoa wapi? akauliza Breki.

— Yamefanyiwa utafiti.

— Na nani?

— Yamefanyiwa, bwana.

Fundi Waya alijaribu kuwarudisha kwenye mstari. Akaeleza kwamba taa ya juu ya paa inapiga boneti, na boneti inamrudishia dereva mwanga machoni, na penye ukungu ndiyo balaa kabisa, unaona ukuta mweupe mbele yako. Mtafiti akasema dawa yake ni kupaka boneti rangi nyeusi. Breki akasema kwa mahesabu hayo ni nafuu kumpaka ng'ombe rangi nyeupe. Wakabishana ng'ombe mmoja anahitaji makopo mangapi, na kama mvua ikinyesha nani atawajibika kumrudia.

Hapo nikaona niingie na la kwangu. Mimi nilikuwa upande wa zile ndogo za njano. Nikasema mwanga mkali ukiingia kwenye ukungu unarudi kama umefukuzwa, lakini taa iliyofungwa chini inapenya chinichini ambako ukungu ni mwepesi, na inakuonyesha ukingo wa barabara na mtaro, na mtaro ndio uliommeza mkunga. Fundi Waya alitikisa kichwa kukubali. Ningenyamaza hapo ningeondoka na heshima yangu. Lakini sifa zilinipanda kichwani, nikaongeza kwamba ukungu kwa tabia yake unaogopa rangi ya njano, ndiyo maana jua la asubuhi likitoka tu unakimbia.

— Basi tumpe mkunga shati la njano, akasema Breki, tusisumbuke na waya.

Walicheka hadi ubao ukacheza. Nami nikacheka, ingawa nilijichoma sindano.

Kuanzia hapo hakuna aliyeshikika tena. Breki alidai gari lenye taa kali linakuwa jepesi, kwa sababu barabara iliyomulikwa inakuwa fupi, na kwamba aliwahi kufika mahali kabla ya muda aliotakiwa kuondoka. Mtafiti alisema hilo linawezekana kabisa, akaomba kipande cha chaki apige hesabu. Alichora barabara, akachora gari, akachora ng'ombe mwenye miguu mitano, akasema mguu wa tano ni kivuli.

Katikati ya vicheko hivyo mzee Birika alisema, kwa sauti ya chini:

— Zifungwe zote.

Tukamgeukia.

— Zote tatu. Za mbali, za juu, za chini. Pawe kama mchana.

Fundi Waya alimweleza kwa upole wa mtu anayemweleza baba yake. Alteneta ya pikapu ile ni ndogo, haiwezi kulisha taa zote hizo. Zikiwaka pamoja kwa safari ya mlima mzima, betri itakufa njiani, na hapo hata zile taa chovu za zamani hazitakuwepo.

— Basi mfungie betri nyingine, akasema Birika. Mfungie mbili. Yule mama lazima afike.

Alikuwa ananimiminia mimi wakati anasema hayo. Kikombe kilijaa, kahawa ikafurika, ikanimwagikia vidoleni. Nilijipangusa kwa kitambaa cha kung'arishia viatu.

Mkunga akatukuta katika hali hiyo. Alikuja kwa miguu, begi begani, kilemba kimekaa upande, na usoni uchovu wa mtu aliyekesha. Tukamsogezea nafasi. Hakuwa mtu wa kukaa kijiweni, nadhani ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuketi kwenye ubao wetu, na Breki alimwonya kuhusu tabia ya ubao huo kwa adabu ambayo hajawahi kunionyesha mimi. Birika akampa kahawa. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akazitazama taa mezani, akatabasamu.

— Jamani, zimependeza.

Ikawa kama tumefunguliwa. Kila mmoja akamwuzia ya kwake. Breki alimweleza umbali, Mtafiti akamweleza ubongo wa ng'ombe, mimi nikamweleza mtaro na nikauruka ule woga wa ukungu. Alitusikiliza sote bila kumkatiza mtu. Aliuliza maswali mafupi, akagusa vioo kwa ncha ya kidole, akaunyanyua ule mche kuona uzito wake. Nilimtazama nikajiambia, mtu huyu amekesha na mwenye uchungu, miguu inamuuma, na bado anampa Mtafiti masikio kana kwamba anasikiliza mapigo ya moyo. Nilizidi kumpenda.

Alipomaliza kahawa alimgeukia Birika.

— Mzee wangu, mkweo atanisubiri na nini pale njia panda?

Hili inabidi nilieleze, kwa sababu hata sisi tulikuwa tumelisahau, na ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Kule juu nyumba haziko kando ya barabara. Unaacha barabara, unaingia kijia, na vijia vyote usiku vinafanana, hata mwenyeji anapotea. Kwa hiyo mama akishikwa na uchungu, mtu mmoja wa nyumba hiyo anateremka hadi kijia kinapokutana na barabara, anasimama na taa, na anaipungapunga. Mkunga anaendesha huku anatafuta hiyo taa. Akiiona ndipo anajua amefika. Asipoiona anapita, anapanda mlima mzima bure, na kugeuza gari kule kunachukua muda ambao mwenye uchungu hana.

— Ana tochi ya simu, akasema Birika. Simu yenyewe ndogo.

— Ndiyo wengi wanayokuja nayo, akasema mkunga. Sasa niambieni ninyi mnaojua. Nikiwasha hizi, ile tochi nitaiona?

Tukatazamana. Asubuhi nzima tulikuwa tumepima mwanga unaotoka kwenye gari kwenda mbele. Hakuna aliyefikiria mwanga unaokuja.

Fundi Waya ndiye aliyesema tusibahatishe, tujaribu. Karakana yake ni ndefu, haina madirisha, na milango ikifungwa mchana unabaki nje. Akaziunganisha taa zote kwa muda kwenye betri ya pembeni, kwa waya mrefu, kila aina na swichi yake. Kazi ile niliitazama kwa raha, nimemsimamia karibu, maana vidole vya Fundi Waya vikishika waya havitafuti; vinajua. Akafunga zile za mviringo kwa kamba mbele, mche akaulaza juu ya paa, za njano akazikalisha kwenye bampa. Mkunga akaketi kwenye usukani. Mimi, Breki na Mtafiti tukapanda nyuma, tukasimama tukichungulia juu ya kichwa cha gari.

Nilidhani Mtafiti ndiye angeenda kusimama na tochi, kwa kuwa simu ndiyo kazi yake. Birika alikataa.

— Nitasimama mimi.

Akaenda hadi ukuta wa mwisho, huku viatu vyake vikiburura. Milango ikafungwa. Giza likawa giza kweli. Tukasikia akihangaika na simu, halafu kinuru kikawaka mkononi mwake na kuanza kwenda huku na huku.

— Nakuona, mzee, akasema mkunga. Fundi, washa za mbali.

Nakiri zilikuwa tamu. Ukuta ulitoka gizani mara moja, kila tofali na mstari wake, hata buibui juu ya dari alionekana anavyojuta. Breki alivuta pumzi ya fahari. Na katikati ya weupe ule alisimama mzee Birika, kiganja kwenye macho, shati lake limekuwa jeupe pe, mkono wa pili bado unapunga. Tochi haikuwepo. Ilikuwa mkononi mwake, lakini haikuwepo.

Ukaja mche. Mzee alishindwa hata kutazama, akageuza uso ukutani, akaendelea kupunga akiwa ametupa mgongo. Mtafiti alishuka polepole akakaa chini ndani ya pikapu.

Zikaja za njano. Hizo hazikumchoma macho. Zilimulika sakafu na miguu yake na makopo ya rangi kandokando, na nikajipa moyo. Lakini kinuru chenyewe, pale kilipokuwa mbele ya kifua, nilikitafuta kwa kukisia, na nilikipata kwa sababu tu nilijua kiko wapi.

— Zima zote, akasema mkunga.

Giza likarudi. Macho yetu yalichukua muda kutulia. Halafu tukakiona tena, kidogo kabisa, bado kinakwenda huku na huku.

— Sasa nimekuona, baba, akasema mkunga.

Kisha akasema afungiwe zile za njano, maana ng'ombe atamwona na mtaro atauona, na ukungu hautamtupia mwanga usoni. Nilikuwa nimeshinda mbele ya Breki na Mtafiti wote wawili, jambo ambalo halijawahi kutokea, na sikuona raha yoyote.

— Swichi nitakuwekea hapa, akasema Fundi Waya kutoka gizani, chini ya kidole gumba. Hutaitafuta. Ukikaribia unazima, unaiona tochi, unawasha tena.

— Asante, fundi wangu. Ila nitajuaje nimekaribia?

Nilisubiri Breki aseme. Anajua kila kona ya nchi hii, kwa maelezo yake.

Aliyejibu alikuwa Birika, kutoka kule ukutani, sauti yake ikiwa kubwa kuliko alivyokusudia kwa sababu ya mwangwi.

— Simu ikilia, nipitie. Iwe saa yoyote. Nitakaa hapo kando yako. Kile kijia nakijua, nilimsindikiza mwanangu kwa miguu siku anaolewa. Nitakwambia hapa, na wewe utazima.

— Nitakupitia, baba.

Alilisema taratibu, na tuliamini, maana mama yule akisema atapita anapita. Kisha akauliza, si kwa kutulaumu; aliuliza kama mtu anayefikiri kwa sauti baada ya usiku mrefu:

— Na yule ambaye hana baba wa kukaa hapa?

Fundi Waya alienda akasukuma milango, mwanga ukaingia wote kwa pamoja, tukashuka kwenye pikapu mmoja mmoja tukifinya macho. Mkunga alichukua begi lake, akamshukuru kila mtu kwa jina lake la kijiweni, akaondoka kwenda kulala kidogo. Mzee Birika alikuja nyuma yetu. Alitoka hadi nje, akasimama kando ya barabara, juani, tochi bado inawaka mkononi, na hakuna aliyemwambia aizime.